Soksi za Mchora Ramani

Inspekta alianzia miguuni. Daktari wa zahanati alikuwa amekwisha kuufunua uso wa marehemu, akingoja, lakini Inspekta, mama wa makamo, aliizunguka meza hadi upande wa chini, akavaa glavu na kuanza kufungua kamba za buti.

"Alitangulia kichwa, Inspekta," daktari alisema. "Miguu haina hata mchubuko."

"Nimeona. Nisogezee taa."

Zilikuwa buti ngumu za kupandia milima, buti za mtu aliyetembea sana. Soli zilikuwa safi. Tena hazikuwa zimefutwa tu kwenye majani. Zilikuwa zimeoshwa, kiasi kwamba kwenye mifereji yake hapakuwa na hata chembe ya mchanga. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Njia ya ukingoni mwa jabali, ambalo chini yake mtu huyu aliokotwa, ilikuwa vumbi tupu. Buti za Inspekta mwenyewe zilikuwa nyekundu hadi kwenye vifundo.

"Marehemu alikuwa msafi," Koplo alisema kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo kubwa na maneno mengi, na vyumba vya maiti alivipenda kwa mbali. "Mke wangu angempenda huyu."

"Na kamba alifunga mwenyewe?" Inspekta aliuliza. "Buti la kulia fundo limeelekea huku, la kushoto limeelekea kule. Aliyefunga alikuwa amemkabili, kisha akahama upande."

Akalivuta buti. Harufu ikatoka.

Haikuwa harufu ya maiti; hiyo wote watatu walikwisha kuizoea. Ilikuwa harufu ya choo kilichofurika, iliyochanganyika na mafuta ya kukaangia yaliyochacha. Daktari alirudi nyuma, akagonga kabati. Soksi ilikuwa ya sufu nene, nyeusi tii, inateleza kama utumbo wa samaki. Inspekta aliikunjua taratibu. Ndani ya ute ule, kwenye kisigino, paliganda kipande cha karatasi ya chooni na ganda la yai.

Akaisogeza puani.

"Afande, tafadhali!" Koplo alilia. "Nimetoka kunywa chai sasa hivi!"

"Basi ikumbatie isitoke. Daktari, niambie majeraha."

Daktari alijikaza. Jeraha la kwanza lilikuwa nyuma ya sikio, dogo, la kitu cha chuma, na ndani yake alikuta utando mweusi kama ule wa soksi. La pili lilikuwa la jabali, utosini, kubwa na safi.

"Hilo la jabali lilitoa damu?"

"Nyingi. Imeloa hadi mgongoni."

"Na maiti ikitupwa jabalini, hutoa damu hivyo?"

Daktari aliliinamia jeraha upya, kama mtu aliyesoma barua nusu akakumbuka kwamba ina ukurasa wa pili.

"Hapana," alisema mwishowe. "Moyo uliosimama hausukumi damu. Lile la nyuma ya sikio lilimzimisha tu. Aliporushwa jabalini alikuwa bado hai."

Inspekta alivua glavu, akanawa mikono, akanawa tena. Harufu haikutoka.

*

Hoteli ilikaa kwenye ukingo wa ziwa kubwa, nyumba za mbao zilizopakwa mafuta zikang'aa, na kutoka uani njia zilitawanyika kuingia msituni, kila moja na rangi yake kwenye magome ya miti: nyekundu ya ukingoni, njano ya mabondeni, buluu ya maziwa ya juu. Mwenye hoteli ndiye aliyezifungua, akiwa bado kijana, kwa panga na shoka. Ndiyo maana watu wote, hata mkewe, walimwita Mzee Njia.

Alimpokea Inspekta kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, mwanangu. Yule bwana ametutia aibu, kumsukuma shemeji yake jabalini." Akapunguza sauti. "Lakini wageni wananiuliza, njia nyekundu itafunguliwa lini? Wametoka mbali. Na wewe unajua, mtu akishakufa amekufa."

Nyuma yake, ziwani, wageni walikuwa wanaoga na kurushiana maji. Inspekta alimtazama yule mzee, shati lake jeupe lililopigwa pasi, kucha zake zilizokatwa vizuri.

"Nitakujulisha, Mzee," alisema. "Mtuhumiwa yuko wapi?"

Walikuwa wamemfungia kwenye stoo ya makoti ya kujiokolea majini. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtu mrefu aliyejikunja, na mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umekauka damu.

"Wewe ndiye uliyemwoa dada yake, au yeye ndiye aliyemwoa dada yako?" Inspekta aliuliza, akivuta kreti akaketi.

"Yeye ndiye aliyemwoa dada yangu."

"Dada yako anasemaje?"

"Hapokei simu zangu. Amenitumia ujumbe mmoja tu. Ameniambia nisithubutu kutia mguu msibani. Mama naye yuko kwake."

"Mligombana na shemeji yako."

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Njia." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Alipewa kazi ya kuchora ramani mpya ya msitu huu. Kila njia lazima aikanyage kwa miguu yake. Tulipofika njia panda, ile ya buluu tukakuta kibao: imefungwa, maporomoko. Mimi nikasema tuiache, tuendelee na nyekundu tukapumzike kibandani. Akasema maporomoko nayo huchorwa. Magoti yalikuwa yananiuma, nikapandisha hasira."

"Ukamwambia nini?"

Mtu yule alianza kuikwangua damu iliyokauka kwenye mkono wa shati.

"Mwongoza wageni mmoja wa hoteli anadai alisikia," Inspekta alisema. "Nataka nisikie kwako."

"Nilimwambia kafie mbele."

Nje, mgeni mmoja aliyeshika fimbo ya kutembelea alichungulia dirishani, akamwambia mwenziwe, "Ndiye huyo." Koplo alimfungia dirisha usoni.

"Akaingia njia iliyofungwa?"

"Akaingia. Nilimwona mpaka kofia ikapotea mitini. Nikaenda kibandani, nikangoja. Hakuja. Nikarudi kumtafuta kwa njia nyekundu, nikachungulia bondeni, nikaiona jaketi yake." Akaunyoosha mkono wenye damu. "Nilishuka nikamwinua. Nilidhani... sijui nilidhani nini."

"Kwa nini hukuwaambia askari wa kwanza kwamba aliingia njia ya buluu?"

"Niliwaambia! Mzee Njia akasema haiwezekani, pale hapiti hata paka. Wakaona mimi mwongo."

Inspekta aliinuka, kisha akakaa tena.

"Huyo mwongoza wageni aliyewasikia. Alikuwa na wageni?"

"Hapana. Peke yake. Alitokea vichakani, nyuma ya kile kibao."

"Nyuma ya kibao," Inspekta alirudia. "Pasipopita hata paka."

*

Mwongoza wageni aliitwa Swala kwa wepesi wa miguu yake. Siku hiyo miguu ilikuwa mizito. Aliwatangulia kupanda msituni akisimama kila mara, mara amfunge Koplo mkanda wa mkoba, mara aonyeshe ndege, mpaka wakafika njia panda.

Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwenye mti mkubwa: NJIA IMEFUNGWA. MAPOROMOKO. Koplo alishika kiuno, akihema.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Imefungwa."

"Tunaingia," Inspekta alisema.

"Afande, huko ni hatari," Swala alisema haraka. "Udongo umemeguka wote. Mimi nina dhamana ya uhai wenu."

"Wewe ulipotokea huko juzi, uliruka kwa mbawa?"

Swala alikizunguka kibao, akawatangulia.

Hapakuwa na maporomoko. Njia ilishuka kwa upole kati ya miti mikubwa, ikiwa na ngazi za mawe alizozipanga mtu aliyeijua kazi yake. Alama za buluu bado zilikuwepo, lakini kila moja ilikuwa imepakwa rangi ya kahawia ili ifanane na gome. Inspekta alikwangua moja kwa ukucha. Rangi ya juu ilibanduka kama ngozi ya jeraha.

Kisha miti ikaachana, na njia ya miguu ikakutana na barabara. Ilikuwa barabara kweli, yenye alama nzito za matairi, ikitokea upande wa nyuma wa hoteli.

"Maporomoko ya siku hizi yana matairi," Koplo alisema, na mara akaziba mdomo kwa kiganja. Upepo ulikuwa umegeuka.

Harufu ile ya soksi iliwapokea kabla hawajaona kitu. Halafu wakaona.

Lilikuwa ziwa dogo, la mviringo, limekaa chini ya mgongo wa lile jabali. Mtu angeweza kukisia kwamba zamani lilikuwa zuri. Sasa maji yake yalikuwa ya kijivu, mazito, hayana hata wimbi. Mafuta ya jikoni yalikuwa yameganda juu yake kama ugaga, na kwenye ugaga huo mifupa, makopo na pamba za huduma ya kwanza vilikuwa vimekwama. Matete ya ukingoni yalivaa karatasi za chooni. Samaki walioza wakielekeza matumbo juu, na nzi walikuwa wengi hata sauti yao ilikuwa kama mashine inayofanya kazi mahali fulani. Upande wa pili, kijito kilitoka ziwani na kushuka, kikiendelea zake kwenda ziwa kubwa, walikokuwa wakioga wageni, na mbele zaidi kwenye mabomba ya kijiji.

Koplo alikwenda nyuma ya mti. Walimsikia chai ikimtoka yote.

Inspekta alisimama. Alikuwa ameona maiti za majini, za motoni, za watoto. Lakini hapa hakuweza kuamua auelekeze wapi uso wake. Kila mahali palikuwa pachafu kwa namna iliyomgusa ngozi. Alijikuta ameinua mikono mbali na mwili, kama mtu anayeogopa kujigusa.

"Miaka mingapi?" aliuliza.

Swala alianza kufuta buti zake kwenye majani.

"Watoto wako wanasoma kijijini chini?"

"Wangu nawachotea maji kisimani," Swala alisema, kisha akasikia alichokisema mwenyewe, akainamisha kichwa.

Inspekta alimwendea karibu. "Sasa nisikilize. Nina soksi zenye uchafu huu. Nina jeraha lenye uchafu huu. Buti zilioshwa na mtu aliyesahau kwamba mguu una soksi. Unaweza kunisimulia wewe, au nikamsikilize Mzee Njia kwanza. Yeye atasimulia vizuri kuliko wewe, na wewe ndiye utakayekuwa muuaji."

Nzi walimtua Swala usoni, hakuwafukuza.

"Mzee huleta mwenyewe lile gari la kunyonya vyoo," alisema. "Hamwamini dereva. Mimi humshikia mpira wa kumwagia. Juzi alinituma juu nikaangalie kama kuna mtu. Nikawasikia wale mashemeji wakigombana, nikaona mmoja anashuka. Nikamwambia arudi, akanipita. Nikakimbia kumwambia Mzee, lakini mpira ulikuwa umekwisha kufunguliwa."

"Akaona."

"Aliona yote. Mzee alimbembeleza, afande. Alimwambia atafukia, atajenga mtambo, ampe nafasi. Yule bwana akasema, mimi nachora kilichopo. Akasema jina la ziwa hili kwenye ramani ya zamani limepitwa na wakati, ataandika Ziwa la Mavi. Akacheka. Akageuka aondoke, akateleza, akazama mpaka magotini. Akawa anajivuta kutoka. Mzee alikuwa na spana ya mpira mkononi."

"Akampiga."

"Mara moja tu! Akalala. Mzee akamshika shingo, akasema, amekwisha. Akasema bahati ameacha ugomvi huko juu, mwenye kulaumiwa yupo. Tukamwosha kwa maji ya dumu. Mimi nikamwosha buti, nikamfunga kamba. Tukampandisha pale." Alionyesha njia ya mbuzi iliyopanda hadi kwenye kichwa cha jabali. "Mzee mabega, mimi miguu."

"Mwili wake ulikuwa baridi?"

"Ulikuwa na joto. Ni jua, afande. Lilikuwa jua kali."

"Alikuwa hai."

Swala alimtazama kama hakuelewa lugha.

"Jabali ndilo lililomwua," Inspekta alisema. "Daktari ameona. Mlipombeba alikuwa anapumua. Mngempeleka zahanati badala ya kumpandisha pale, leo angekuwa kitandani anamsuta shemeji yake."

"Mzee alimshika shingo," Swala alinong'ona. "Alimshika hapa. Alisema..." Akaitazama mikono yake miwili, iliyoshika miguu. Kisha akaanguka magotini kwenye tope lile lile, akatapika, na alipomaliza akaendelea kuvuta tumbo, tupu, kama mbwa.

Inspekta hakumwinua. Huruma aliitafuta, akaikosa.

*

Waliporudi hotelini, alipitia stooni kwanza. Mtu yule mrefu aliinuka kutoka kwenye mtumbwi.

"Alikwenda njia ya buluu," Inspekta alimwambia. "Ulisema kweli."

"Alianguka mwenyewe?"

"Hapana. Lakini si wewe." Akamgeukia Koplo. "Mrudishie simu yake." Kisha akamrudia mtu yule. "Mpigie dada yako, na asipopokea, mpigie mama. Nitazungumza nao mimi."

Mtu yule alichukua simu, akaishika tu. "Neno la mwisho aliloondoka nalo ni lile langu," alisema.

"Si la mwisho," Inspekta alisema. "La mwisho alilisema yeye. Na lilikuwa kweli tupu."

Mzee Njia walimkuta barazani, akimwonyesha bibi mmoja mgeni namna ya kushika fimbo wakati wa kushuka mteremko. Alipomwona Swala na pingu zake, na magoti yake meusi, tabasamu halikumtoka mara moja. Lilikaa kwanza, likitafuta pa kwenda.

"Twende ukanionyeshe ulipompiga," Inspekta alisema.

"Nani? Mwanangu, njia ile..."

"Haina maporomoko. Nimepita. Hata Koplo amepita, na lile tumbo."

Wageni walikuwa wameanza kusogea. Mzee alimshika Inspekta kiwiko, akamvuta pembeni, akamwegemea kama mtu anayeshauriana na mkwewe.

"Sikiliza, wewe ni mtu mzima. Kila nyumba ina choo. Hawa wote unaowaona hapa wanakula kwangu, wanalala kwangu, na wanakunya kwangu. Ulidhani vinakwenda wapi? Nimefungua njia, nimewapa watu wa huku kazi. Kaziwa kamoja tu nimekatoa sadaka. Kwa hayo mengine, mavi ya kale hayanuki."

"Haya ni mapya, Mzee," Inspekta alisema, na kuuondoa mkono wake kwenye kiwiko, kidole kimoja kimoja. "Mfunge, Koplo."

Walimpandisha kwa njia yake mwenyewe. Alitembea vizuri kwa umri wake. Kila jiwe la ngazi alilijua, na pingu hazikumyumbisha. Nyuma yao, kwa mbali, wageni walifuata, kwanza watatu, kisha kundi zima, na yule bibi na fimbo yake. Koplo alitaka kuwarudisha. Inspekta alimkataza.

"Njia imefunguliwa," alisema. "Waache waone walichochangia."

Kwenye barabara ya matairi kundi lilisimama. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine, aliyekuwa bado na nywele mbichi za kuoga ziwani, alikitazama kijito, akakifuata kwa macho kinakoelekea, akajinusa mkono.

Ukingoni, Mzee Njia alisita. Mikono yake iliyofungwa aliiingiza mfukoni kwa taabu, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe nne, akakiweka puani.

"Alikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

Mzee alionyesha kwa kidevu, kitambaa kikiwa palepale. "Hapo. Kwenye matete."

"Sikusikii. Ondoa hicho kitambaa."

"Inspekta, harufu..."

Inspekta alikichukua kile kitambaa kwa ncha za vidole, akampa Koplo.

"Sasa vuta pumzi," alisema, "halafu uanze mwanzo. Na useme kwa sauti. Hawa nyuma wanataka kusikia."